Nani anauza ndege za vita zisizo na rubani, na kwa nini Uturuki imewatangulia wakubwa?

Swali la msomaji wa Kigoma: "Shikamoo Mwalimu. Huku kwetu tunaishi na ndugu waliokimbia kutoka Kivu, na baadhi yao wanasimulia ndege isiyo na mtu ndani inayopiga usiku. Nataka kuelewa biashara yenyewe. Kwa nini Marekani, ambayo ndiyo iliyoanza, siisikii, ila kila mahali ni Uturuki na China? Ndege moja inauzwa bei gani? Na serikali ikishanunua, nani anaangalia inampiga nani?"

Marahaba. Nianze na bei, maana hapo ndipo watu wanapodanganyika zaidi.

Mitandaoni utasoma kwamba Bayraktar TB2 ya Uturuki inauzwa dola milioni 5. Si uongo, ila hiyo ni bei ya ndege tupu, na hakuna jeshi linalonunua ndege tupu. Tazama mkataba wa Poland wa Mei 2021: ndege 24 kwa dola milioni 270. Gawanya mwenyewe, utakuta kila moja imesimama kwenye dola milioni 11 na ushee. Zilizozidi zilikwenda wapi? Ndege hizo ziliuzwa kwa seti nne, kila seti ndege sita, na ndani ya bei mlikuwa na vituo vya kuongozea kutoka ardhini, rada, mabomu, vipuri, na mafunzo ya watakaozirusha na mafundi wa kuzitunza. Siku nyingine ukisikia nchi fulani "imenunua droni sita", usiulize ndege tu. Uliza vituo vya kuongozea ni vingapi na mabomu ni mangapi. Ndege sita zenye kituo kimoja na mabomu kumi na mbili ni za gwaride.

Sasa weka pembeni yake mkataba wa India. Februari 2024 serikali ya Marekani iliidhinisha kuiuzia India ndege 31 aina ya MQ-9B kwa makadirio ya dola bilioni 3.99, pamoja na makombora 170 ya Hellfire na mabomu madogo ya kuongozwa 310. Hapo kila ndege, ukiijumlishia vikorombwezo vyake vyote, inapita dola milioni 128. Ni kweli hizi si ndege za daraja moja. MQ-9B ni dude kubwa linaloongozwa kwa setelaiti kutoka bara jingine. TB2 ina urefu wa mita 6.5, mabawa ya mita 12 toka ncha hadi ncha, na inabeba mzigo wa kilo 150 tu. Injini yake ya awali ni Rotax 912 ya Austria, yenye nguvu ya farasi 100, ile ile inayofungwa kwenye vindege vya watu binafsi vya kujifurahisha. Hukimbia taratibu, kilomita 130 hivi kwa saa, lakini inaweza kukaa angani zaidi ya saa 24, na hilo ndilo jambo kubwa. Waziri wa ulinzi mwenye bajeti finyu haulizi ipi bora duniani. Anauliza ataipata ipi, baada ya miezi mingapi, na akishaipata atasumbuliwa kwa maswali kiasi gani.

Silaha ya TB2 inayotajwa sana ni MAM-L, inayotengenezwa na kampuni ya Roketsan. Ina urefu wa mita moja na uzito wa kilo 22, na ndege moja hubeba nne. Chini ya ndege pana kamera iliyo kwenye tufe linalozunguka. Mwongozaji akishaamua, kamera hiyo humulika shabaha kwa leza, na bomu hulifuata doa la leza mpaka mwisho. Ni bomu dogo. Halibomoi ghorofa, lakini linatosha kabisa kwa gari, kifaru, hema, au watu waliokusanyika chini ya mti.

Biashara hii imejengwa kama ile ya visimbuzi vya televisheni: kifaa unapewa kwa bei ya kuvutia, halafu maisha yako yote unalipia vifurushi. Kifurushi hapa ni mabomu, vipuri, programu za kompyuta na mafundi wa muuzaji. Asiyelipia anabaki na pambo. Iraq ilinunua CH-4 za China, ikaanza kuzitumia dhidi ya Dola ya Kiislamu mwaka 2015. Mwaka 2019 ripoti ya wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani ilieleza kwamba kati ya ndege zaidi ya kumi, moja tu ndiyo ilikuwa tayari kwa kazi zote, kwa sababu ya matatizo ya matengenezo. Mwaka huo huo Jordan ilitangaza kuziuza za kwake, hata miaka mitano haijatimia tangu izipate. Wachina waliuza ndege kwa kasi, ila huduma baada ya mauzo ilikuwa na walakini, na wanunuzi huambizana.

Hilo linatupeleka kwa Marekani. Ndiyo iliyoanza: Oktoba 2001, Afghanistan, ndege aina ya Predator ya kampuni ya General Atomics ilirusha makombora vitani. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mteja pekee aliyeuziwa zenye silaha alikuwa Uingereza. Si kwamba wengine hawakuomba. Waliomba sana, wakakwama kwenye utaratibu uliobuniwa mwaka 1987 na nchi saba tajiri kuzuia kusambaa kwa makombora yanayoweza kubeba bomu la nyuklia. Kwa kifupi unaitwa MTCR. Unasema hivi: chombo chochote kisicho na mtu, kinachoweza kubeba kilo 500 na kwenda kilomita 300, kiko kundi la kwanza, na ombi la kukiuza nje lianze kwa kukataliwa, mpaka pawepo sababu nzito ya kukubali. Walioandika walikuwa wanafikiria kombora, kitu kinachokwenda kisirudi. Wala hawakuwaza ndege inayotoka asubuhi na kurudi jioni kwenye uwanja wake. Lakini maneno yalishaandikwa, na ndege kubwa za Marekani zikaangukia humo.

Mwaka 2014 Jordan, rafiki wa karibu wa Washington, ilikataliwa. Falme za Kiarabu ziliruhusiwa Predator XP, toleo lisilobeba silaha, wakati walichokuwa wanataka ni silaha. Wote wakapanda ndege kwenda Beijing. China iliomba kujiunga na MTCR mwaka 2004 ikakataliwa, kwa hiyo masharti yale hayaifungi. Ikawauzia CH-4 na Wing Loong, ndege ambazo ukizitazama kwa mbali unaweza kudhani ni za Marekani. Saudi Arabia ikanunua, Misri ikanunua. Nigeria ilijulikana Januari 2015, pale picha za CH-3 iliyoanguka Borno, makombora yakiwa bado chini ya mabawa, ziliposambaa. Kwa muda wa miaka mitano hivi China ilikuwa na soko hili karibu peke yake.

Washington ilishtuka. Julai 2020 iliamua kuusoma upya utaratibu ule wa MTCR: ndege isiyo na rubani ambayo mwendo wake haufiki kilomita 800 kwa saa isihesabiwe tena kundi la kwanza. Kwa maoni yangu waliamka jua limeshapanda. Kufikia hapo mshindani aliyekuwa anawasumbua hakuwa tena Mchina peke yake.

Uturuki yenyewe ni mteja aliyekataliwa. Ilitaka Predator na Reaper (ndege kubwa zaidi ya Marekani iliyofuata Predator) zenye silaha, bunge la Marekani likaweka ngumu. Ilinunua Heron za Israel zisizo na silaha, kisha uhusiano wa nchi hizo mbili ukaharibika. Ndipo kampuni ya familia, Baykar, ikapata nafasi. Mkuu wake wa teknolojia, Selçuk Bayraktar, alisomea Marekani, na mwaka 2016 alimwoa binti wa Rais Erdoğan. Sisemi kwamba ndoa ndiyo iliyorusha ndege, maana TB2 ilikuwa imeshabeba silaha kabla ya harusi. Ila katika biashara ambayo kila mauzo yanahitaji ruhusa ya serikali, si jambo dogo.

Angalia na ujanja wa vipimo. Uturuki ni mwanachama wa MTCR tangu 1997, tofauti na China. Lakini TB2 inabeba kilo 150, na mawasiliano yake ya awali na kituo yaliishia umbali wa kilomita 150 hivi. Iko chini ya mstari. Haikuhitaji kuvunja kanuni wala kuisoma upya. Wakati Marekani inabishana na vitabu vyake, Uturuki ilikuwa na ndege iliyo ndogo vya kutosha kupita mlangoni, na kubwa vya kutosha kuua.

Halafu yakaja matangazo, ambayo katika biashara hii ni vita vya wengine. Libya 2019 na 2020. Idlib, Syria, mwanzoni mwa 2020. Kisha Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Azerbaijan na Armenia, kuanzia Septemba hadi Novemba 2020, ambako Azerbaijan ilirusha hewani video moja baada ya nyingine za vifaru vya Armenia vikilipuliwa. Wanajeshi wengi Afrika walizitazama video hizo kwenye simu zao. Hazikuonyesha kwamba Azerbaijan ilitumia pia mizinga, ndege za kujilipua za Israel na askari wengi wa miguu. Zilionyesha doa, moshi, na doa jingine. Orodha ya wanunuzi ikarefuka: Morocco, Togo, Niger, Nigeria, Mali, Burkina Faso, Djibouti, Somalia, Ethiopia. Huko Ghuba, Kuwait ilitia saini mkataba wa dola milioni 367 Januari 2023, na Julai mwaka huo Saudi Arabia ikanunua Akinci, ndege kubwa zaidi ya kampuni hiyo hiyo, kwa mkataba ulioelezwa kuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya mauzo ya silaha ya Uturuki.

Ethiopia inastahili tukae nayo kidogo. Agosti 2021, waasi wa Tigray wakiwa wanasonga kusini, Waziri Mkuu Abiy Ahmed alikwenda Ankara na kutia saini makubaliano ya kijeshi. Takwimu za wauzaji nje wa Uturuki zinaonyesha kilichofuata: mauzo ya vifaa vya ulinzi na anga kwa Ethiopia, ambayo mwaka 2020 hayakufika hata dola nusu milioni, yalikaribia dola milioni 95 kati ya Januari na Novemba 2021. Kufikia Desemba vikosi vya Tigray vilikuwa vinarudi nyuma. Uturuki haikuwa peke yake: Wing Loong za China na Mohajer-6 ya Iran zilionekana kwenye viwanja vya ndege vya nchi hiyo hiyo. Serikali iliyobanwa hainunui dukani kwa mmoja. Lakini Uturuki ina faida ambayo wengine hawana. Imetoka balozi 12 barani Afrika mwaka 2002 hadi kufika 44, shirika lake la ndege linatua miji mingi ya bara hili, na Mogadishu ina kambi ya kufundisha askari wa Somalia tangu 2017. Ndege ya vita inauzwa ndani ya kikapu kimoja na barabara, nafasi za masomo na mikataba ya bandari. Mmarekani anakuja na ndege na fomu.

Sasa swali lako la tatu, ambalo ndilo gumu. Nani anaangalia inampiga nani?

Kwenye karatasi upo Mkataba wa Biashara ya Silaha. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha mchakato wa mkataba huo ndani ya Umoja wa Mataifa. Ulipitishwa Aprili 2013 ukaanza kufanya kazi tarehe 24 Desemba 2014. Unamkataza muuzaji kuruhusu silaha zitoke ikiwa anajua zitatumika kwa mauaji ya kimbari au kwa uhalifu wa kivita dhidi ya raia. Uturuki iliutia saini, haijauridhia. Marekani iliutia saini, kisha mwaka 2019 Rais Trump akatangaza kujitoa. China, pengine kinyume na unavyotarajia, ilijiunga mwaka 2020. Hata kwa waliojiunga, mkataba hauna mkaguzi wala mahakama yake. Anayepima hatari ni muuzaji yule yule anayesubiri malipo.

Tarehe 7 Januari 2022 bomu lilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, iliyokuwa kwenye majengo ya shule. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kilichoonyesha silaha ilitoka wapi hakikuwa ripoti ya muuzaji wala ya mnunuzi. Vilikuwa vipande vya chuma vilivyopigwa picha pale chini na kutambuliwa kuwa ni vya MAM-L. Machi 2024, Shabelle ya Chini nchini Somalia, shirika la Amnesty International lilieleza kwamba mashambulizi ya droni kwenye shamba yaliua raia 23, 14 wakiwa watoto. Huko nako ushahidi ulitoka kwenye mabaki ya MAM-L. Ndiyo ukaguzi uliopo: mtu wa kijijini, simu, na kipande cha chuma.

Kuna mara moja tu ninayoikumbuka ambapo muuzaji alibanwa kweli, na aliyembana si mkataba. Ilikuwa kamera. TB2 za mwanzo zilitumia kamera za Wescam, kutoka Canada. Oktoba 2020, vita vya Karabakh vikiendelea, Canada ilisimamisha vibali vya kuziuza Uturuki, na Aprili 2021 ikavifuta kabisa baada ya uchunguzi kuonyesha zimetumika huko kinyume na ahadi. Mwenye kampuni ya Rotax naye alisimamisha kupeleka injini. Kwa wiki kadhaa ilionekana kama ndege imekatwa macho na moyo. Lakini Aselsan ya Uturuki ilikuwa na kamera yake tayari, ikafungwa, na injini ya nyumbani nayo ilikuwa inatengenezwa. Mauzo yaliongezeka miaka iliyofuata. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba kizuizi cha kipuri humfunga muuzaji kwa kipindi, huku kikimlipia sababu ya kujitegemea. Bado naona ni njia yenye meno kuliko nyingine zote, mradi wenye kamera, injini na vifaa vya mawasiliano wafunge kwa pamoja na siku moja. Hilo halijatokea.

Wakati huo huo soko linashuka ngazi. Ukraine ilipata ushindi kwa TB2 katika wiki za kwanza za 2022, kisha ulinzi wa anga wa Urusi ukajipanga na ndege zile zikapungua kuonekana mstari wa mbele. Yemen, Wahouthi waliangusha Reaper saba za Marekani katika muda usiofika wiki sita mwanzoni mwa 2025, hasara ya zaidi ya dola milioni 200. Ndege inayokwenda polepole ni mfalme pale tu adui hana rada wala kombora. Ndiyo maana vita vipya vinaletewa vitu vya bei rahisi: Shahed-136 ya Iran inayokwenda kujilipua yenyewe, na vindege vya dukani vilivyofungwa bomu. Hivi vya mwisho havihitaji serikali. Sudan unaviona vyote kwa pamoja, vya serikali na vya wanamgambo, na Mei 2025 Port Sudan, mji uliokuwa kimbilio, ulipigwa kwa droni siku kadhaa mfululizo.

Nikirudi kwa majirani zako. Jeshi la Congo lilipata CH-4 za China mwaka 2023. Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni, ndege ya kiraia ikaharibika, na Kinshasa ikailaumu Rwanda. Maana yake ni kwamba mtu wa Kivu akisema "ndege isiyo na mtu ilitupiga", bado hajakuambia ni ya nani, na wewe usimmalizie sentensi. Ndege yenyewe iko juu, yeye haioni, ni usiku, na kila upande una mdomo wa kuulaumu mwingine.

Kinachoweza kujibu ni mabaki. Silaha za namna hii hutoka kiwandani na herufi na namba zilizoandikwa kwenye mwili, kwenye mapezi ya mkia na kwenye vibao vidogo vya vifaa vya ndani. Picha iliyo wazi ya namba hizo, ikiwa na kitu kilichopo tayari pembeni cha kuonyesha ukubwa, pamoja na jina la mahali na tarehe, humwezesha mchunguzi kufuata njia hadi kwa mtengenezaji. Umoja wa Mataifa una Kundi la Wataalamu wa Congo, lililoanzishwa mwaka 2004, ambalo hukusanya ushahidi wa aina hii na kuuandika kwenye ripoti kwa Baraza la Usalama. Ikiwa kuna ndugu aliyekuja na picha kwenye simu, mwambie asiifute na asiipitishe kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu humo picha hubanwa na taarifa za siku na mahali hupotea. Aihifadhi ile ya asili. Na waliobaki kijijini wasikiguse kipande chenyewe, wala wasikisogeze kwa fimbo. Wapige picha wakiwa mbali, wawazuie watoto wasisogee, kwa maana bomu ambalo halikulipuka lilipoanguka linaweza kulipuka mkononi.